Baba Ndiye Fundi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Lorna alikuwa na kazi moja: kusuuza vifuniko vya mitungi ya maziwa. Wakulima waliteremka kwa vijia vya mlima wa Manga, wengine na mitungi mkononi, wengine juu ya bodaboda, wakapanga foleni mbele ya kituo cha ushirika. Mama yake, Tryphosa, ndiye aliyekuwa meneja wa kituo. Alitumbukiza laktomita katika kila mtungi ili aone kama maziwa yametiwa maji. Lorna alipokea vifuniko, akavichovya katika maji moto, akavirudisha kwa wenyewe. Saa moja na nusu alijipangusa mikono, akabeba mkoba, akakimbia shuleni akinukia maziwa.

Walikuwa wamehamia hapo Januari kutoka Nakuru. Mama alikuwa ametafuta kazi kwa miaka mitatu kabla ya kupata hii. Baba yake Lorna, ambaye ni Mtaita, alibaki Nakuru akifundisha na kungoja uhamisho. Kwa kuwa wazazi hao walitoka makabila mawili, nyumbani kwao walizungumza Kiswahili tu. Lorna hakujua Kigusii, lugha ya mama yake.

Hilo halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kwamba alijifanya anakijua. Siku yake ya kwanza katika Gredi ya Sita, wasichana walimwuliza, naye akajibu, "Najua sana, ila nimezoea kuongea Kiswahili." Tangu siku hiyo, wenzake walipocheka, alicheka. Waliponyamaza, alinyamaza. Phanice, aliyeketi naye dawati moja, wakati mwingine alimtazama kwa jicho la shaka.

Sasa kituo kilikuwa na shida kubwa. Ndani ya jengo mlikuwa na tangi kubwa la chuma ambalo kazi yake ilikuwa kupoza maziwa mpaka yafike nyuzi nne. Fundi aliyelitunza, Osoro, alipata kazi Uarabuni mwanzoni mwa mwaka, akaenda. Tangu aondoke, tangi lilipoza leo na kesho likakataa. Mara mbili dereva wa lori la kampuni iliyonunua maziwa alitia kipimajoto chake ndani, akatikisa kichwa, akaondoka na lori tupu. Maziwa yalimwagwa kwenye nyasi za nepia. Mbwa wa soko zima walikunywa mpaka wakachoka.

Kisha kampuni ikaandika barua. Kama kufikia Ijumaa hiyo saa kumi jioni maziwa hayatakuwa na baridi inayotakiwa, lori halingepanda tena barabara ile. Kila mtu alielewa maana yake. Kituo kingefungwa, na Tryphosa angefunga virago arudi Nakuru kutafuta kazi upya.

Si kwamba hawakutafuta fundi. Tangazo lilibandikwa sokoni, makanisani na katika ofisi ya chifu: *Fundi wa mitambo ya baridi anatakiwa. Cheti ni lazima.* Walikuja watu ishirini na watatu, wote na vyeti. Tryphosa aliwapeleka mmoja mmoja mbele ya mtambo uliokuwa ukinguruma, akawauliza swali lile lile: "Sauti hii inakuambia nini?"

"Najua, gesi imechoka," mmoja alisema.

"Najua, ni stima ya huku. Ni nyepesi," alisema mwingine.

Kijana mmoja aliyeitwa Valentine alikuja na cheti kilichofunikwa kwa plastiki. Alifungua kisanduku cha swichi za taa, akaanza kutafuta mtambo humo ndani. Tryphosa alimwuliza kwa upole kama aliwahi kugusa mtambo wa namna ile.

"Kugusa, hapana," Valentine alijibu. "Lakini niliuchora kwenye mtihani."

Mzee Josiah, mwenyekiti wa ushirika, alicheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta macho. Tryphosa hakucheka. "Si kosa lake," alimwambia Lorna baadaye. "Chuoni kwao hakukuwa na mtambo hata mmoja. Angeugusa wapi?"

Jumapili jioni Lorna alienda chemchemini kuteka maji. Alimkuta Phanice na mdogo wake Mose, mtoto wa miaka sita, pamoja na wasichana wengine wawili. Lorna aliwaeleza kwa Kiswahili jinsi fundi alivyokosekana. Mose aliruka juu ya jiwe, akasema maneno mengi ya Kigusii kwa haraka, huku akijipiga kifua. Katika maneno hayo yote Lorna alidaka mawili: *baba* na *friji*.

Phanice naye aliongeza mengine mengi kwa Kigusii. Lorna alisikia *baba* tena, akasikia *Naivasha*, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayefuata kila neno.

"Umeelewa?" Phanice alimwuliza.

Lorna aliwatazama wale wasichana wawili, ambao walikuwa wakimngoja. "Kwani mimi ni mgeni? Nimeelewa yote."

Alifika nyumbani akihema, maji yakimwagika begani. "Mama! Fundi amepatikana! Baba yake Phanice anajua friji. Alifanya kazi Naivasha."

"Nani? Yule Onchiri?"

"Ndiyo. Wenyewe wamesema."

Tryphosa hakuijua vizuri familia ile, lakini alishika matumaini kama mtu anayeshika mti kwenye utelezi. Usiku haukuingia kabla hajaandika barua: *Bwana Onchiri, tumesikia kwamba wewe ni fundi hodari. Tafadhali njoo kituoni Jumatano saa moja asubuhi tukujaribu kazi.* Kesho yake Lorna alimpa Phanice barua hiyo, na Phanice akampelekea baba yake bila kuifungua.

Jumatano asubuhi foleni ilikuwa ndefu. Bwana Onchiri alifika saa moja kamili. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, amevaa shati lililopigwa pasi. Mkono mmoja alishika mwiko wa kujengea, mwingine pimamaji, na kwapani alikuwa na timazi iliyofungwa vizuri kwa kamba yake.

"Bwakire, meneja," alisalimu. "Nimekuja. Ukuta uko wapi?"

Foleni nzima ilipasuka kwa kicheko.

"Ukuta gani?" Tryphosa aliuliza.

"Si mliandika mnataka fundi? Mimi ni fundi. Nyumba ya mchungaji nilijenga mimi."

"Huyu atapoza maziwa kwa simiti!" mwanamke mmoja alisema, na kicheko kikazidi.

"Tunatafuta fundi wa mtambo wa baridi, bwana," Tryphosa alisema. Alikuwa amechoka, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyotaka.

Onchiri alifikiri kidogo. "Aa, wa baridi. Kumbe. Basi nyumbani kwangu kuna..."

"Nyumbani kwako kuna cheti?" Mzee Josiah alimkata. "Tumeona vyeti ishirini na vitatu hapa, mzee. Siku hizi kila mtu ni fundi! Ukimwuliza mbuzi, atakwambia ni fundi wa nyasi."

Watu walicheka tena. Onchiri alitazama chini. Alihamisha pimamaji kutoka mkono huu hadi ule, akageuka, akapanda kijia cha kwenda kwake.

Tryphosa alimvuta Lorna kando. "Lorna, ni yeye walimtaja?"

Lorna angeweza kusema kwamba alisikia maneno matatu tu. "Ndiyo, mama," alisema. "Walisema baba."

Hilo lilikuwa kweli, na bado halikuwa kweli. Siku nzima Lorna alilihisi kama kijiwe ndani ya kiatu.

Alhamisi alipoingia darasani, alikuta Phanice amehamia dawati la nyuma. Wakati wa mapumziko alimfuata hadi kwenye bomba la maji.

"Phanice, kwani nimekukosea nini?"

"Unauliza?" Phanice alifunga bomba kwa nguvu. "Mlimwandikia tata barua nzuri, akapiga shati pasi, akaomba ruhusa kwenye kazi yake. Kumbe mnamwita mumcheke! Tata hajala tangu jana."

"Tata?" Lorna alisema. "Tata ni nani?"

Phanice alimkazia macho. "Ati tata ni nani? Si wewe unajua Kigusii?"

Wasichana wengine walikuwa wamesogea. Lorna aliona nyuso zao. Jibu la kujifanya lilikuwa tayari mdomoni. Angesema alitania, angecheka, mambo yangepita. Lakini alimkumbuka yule mtu mwembamba akihamisha pimamaji kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Sijui," alisema. "Sijui Kigusii. Niliwadanganya tangu siku ya kwanza. Kule chemchemini nilisikia baba, friji na Naivasha tu. Mengine sikuyasikia."

Alitarajia vicheko. Msichana mmoja kweli alicheka, lakini Phanice hakucheka.

"Ngoja. Ulisikia *baba* ukafikiri ni huyu wa Kiswahili?"

"Kuna mwingine?"

"Lorna! Kwetu *tata* ndiye baba. *Baba* ni mama! Mama yangu ndiye fundi wa friji. Alikaa Naivasha miaka tisa kwenye vyumba vya baridi vya maua. Friji ya chanjo ya zahanati ni yeye aliitengeneza."

Mama yake Lorna mwenyewe angelijua neno hilo mara moja kama angelisikia kwa masikio yake. Lakini bibi yake alifariki kabla Lorna hajazaliwa, kwa hiyo Lorna hakuwahi kumsikia mama akimwita mtu yeyote *baba*. Naye alilibeba neno lile kutoka chemchemini, akalifikisha nyumbani likiwa na maana nyingine.

Shule ilipofungwa, alikimbia moja kwa moja hadi kituoni. Mama alikuwa mezani, mbele ya karatasi nyeupe, akiandaa maneno ya kuwaambia wakulima kwamba kituo kitafungwa. Lorna alimweleza kila kitu. Alieleza kuhusu darasa, chemchemi, maneno matatu, na jibu lake la Jumatano. Hakuruka lolote.

Tryphosa aliikunja ile karatasi nyeupe, akaiweka kando. Lorna aliona afadhali angegombezwa.

"Umekosa," mama alisema. "Lakini si peke yako. Yule bwana alianza kuniambia jambo, nami nikaacha akatwe maneno. Halafu uliposema fundi, hata sikuuliza. Mimi mwanamke, meneja wa kituo, nikaandika *Bwana*." Alisimama. "Vaa sweta. Twende tukaombe radhi."

Walipanda mlima pamoja. Kijia kilikuwa na utelezi baada ya mvua ya mchana, na migomba ya pande zote ilikuwa bado inadondosha maji. Tryphosa alizungumza polepole, kama anayejieleza mwenyewe.

"Wenye viwanda wanalia kwamba hakuna mafundi. Vijana nao wanalia kwamba hakuna kazi. Nilikuwa nikisikia hayo redioni nikishangaa inawezekanaje. Sasa nimeyaona katika kituo kimoja kidogo."

Walimkuta Onchiri akifunga lango la zizi. Alipowaona, alitulia. Tryphosa alimpa mkono, akainamisha kichwa.

"Bwana Onchiri, jana nilikukosea heshima mbele za watu. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyeanzisha, baba Onchiri," Lorna alisema. "Nilijifanya kuelewa maneno ambayo sikuyaelewa."

Phanice, aliyekuwa mlangoni, alimsimulia baba yake kisa cha lile neno kwa Kigusii. Onchiri alisikiliza mpaka mwisho. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Lorna akaogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka.

"Kwa hiyo nilialikwa kwa sababu mimi ni baba, na sikutakiwa kwa sababu mimi ni tata!" alisema. "Ingieni, ingieni. Mwenye kazi yuko ndani."

Mama yake Phanice aliitwa Nyanchera. Alikuwa ametoka kuchuma majani chai, na vidole vyake vilikuwa bado na rangi ya kijani. Alisema aliliona tangazo sokoni zaidi ya mara moja.

"Mbona hukuja?" Tryphosa aliuliza.

"Si mliandika cheti ni lazima? Mimi sina. Naivasha niliingia kama mtu wa kufagia. Fundi mkuu aliniona ninapenda kuuliza, akaanza kunifundisha. Miaka mitano ya mwisho vyumba vinne vilikuwa mkononi mwangu. Halafu mama mkwe akaugua, nikarudi kumtunza." Alijipangusa vidole. "Mtambo wenu unalia vipi?"

Tryphosa alijaribu kuiga sauti ile, kwanza mngurumo, kisha mkwaruzo. Mose alicheka hadi akaviringika. Nyanchera hakucheka. Aliuliza kama mabomba hushika barafu. Aliuliza kama nyuma ya mtambo kuna vumbi, na kama mtambo huzimika wenyewe jua likiwa kali. Kila jibu alilipokea taratibu.

"Kwa hiyo ni nini?" Tryphosa alimwuliza.

"Sijui."

Tryphosa alimtazama. Katika wiki zote zile, hakuna mtu aliyekuwa amemjibu hivyo.

"Sijui mpaka niuone," Nyanchera alisema. "Nitakuja alfajiri. Tena lazima nimalize mapema, kwa sababu jua likitua Sabato imeingia."

Ijumaa hiyo shule ilikuwa imefungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula, kwa hiyo Lorna na Phanice waliona yote. Nyanchera alianza kwa kusikiliza tu, mkono wake juu ya mtambo, kama muuguzi anayepima homa. Kisha akaenda nyuma, akamulika tochi. Nyavu za chuma zinazotoa joto zilikuwa zimezibwa na vumbi na manyoya ya kuku. Alizisafisha kwa brashi, ukanda mmoja mmoja, kwa muda wa saa nzima.

"Ni uchafu tu?" Mzee Josiah aliuliza. Alikuwa amekuja na kiti chake.

"Uchafu ni mmoja. Tuone kama ana ndugu."

Alikoroga sabuni ndani ya kikombe, akapaka povu kwenye kila kiungo cha bomba. Kwenye kiungo cha saba povu lilianza kutoa viputo vidogo, kimoja baada ya kingine. Gesi ilikuwa inavuja hapo. Nyanchera aliitoa gesi iliyobaki, akachomelea ufa, akapaka povu tena. Safari hii hakuna kiputo kilichotoka. Hapo ndipo alipojaza gesi kutoka kwenye mtungi ambao Osoro alikuwa ameuacha stoo, jicho lake likiwa kwenye saa za kupimia mgandamizo.

Saa sita mchana mtambo uliwaka. Haukukwaruza. Maziwa ya asubuhi yalikuwa na nyuzi kumi na tisa. Saa nane yakawa kumi na moja. Saa tisa yakawa saba. Wakulima walianza kukusanyika, wakisimama mbali kidogo bila kuongea kwa sauti, kama watu walio nje ya wodi.

Lori lilipanda mlima saa kumi kasoro dakika kumi. Dereva alishuka, akapanda ngazi ya tangi, akatumbukiza kipimajoto chake. Alikitoa, akakisoma, akakifuta kwa shati, akakitumbukiza tena.

"Nne," alisema. "Leteni bomba nipakie."

Hakuna aliyejua nani alianza kupiga vigelegele. Mzee Josiah alisahau kiti chake, akaenda kumtafuta Onchiri katikati ya umati, akamshika mkono kwa mikono yake miwili mbele ya watu wote. Aliyomwambia hayakusikika kwa sababu ya kelele, lakini aliyasema kwa muda mrefu.

Jumatatu kamati ilikutana. Mzee Josiah aliuliza, "Na suala la cheti? Sheria yetu inasema ni lazima."

"Cheti kina kazi yake," Tryphosa alisema. "Tutamsaidia Mama Phanice afanye mtihani wa ufundi apate chake. Na yule kijana Valentine aitwe aje ajifunze kwake. Yeye ana karatasi bila mikono, na huyu ana mikono bila karatasi. Wakifanya kazi pamoja, mwaka ujao tutakuwa na mafundi wawili."

Walikubaliana wote, na Nyanchera akaajiriwa siku hiyo hiyo.

Jioni, akisafisha vifaa vyake kwenye kibaraza cha kituo, Nyanchera aliwaita Lorna na Phanice wakae karibu naye. Aliwaonyesha kovu jeupe mkononi, chini ya kidole gumba.

"Hili nililipata Naivasha, mwezi wangu wa pili. Fundi mkuu aliniuliza kama najua kufunga vali fulani. Wenzangu wanaume walikuwa wanatazama. Nikasema najua. Gesi ikanichoma, na maua ya siku mbili yakaharibika. Nilidhani atanifukuza. Aliniambia hivi: mtu asiyejua anaweza kufundishwa leo hii, lakini aliyesema anajua hakuna atakayemfundisha, kwa sababu amefunga mlango mwenyewe."

Lorna alitazama lile kovu. "Na ukishasema hujui, watu wakikucheka?"

"Watakucheka siku moja, au mbili. Wewe ulichekwa kwa muda gani?"

"Mtu mmoja tu. Kidogo."

"Basi ona. Ulibeba mzigo tangu Januari kwa kuogopa kicheko cha mtu mmoja." Nyanchera alimwekea mkono begani. "Wanangu, kila fundi mnayemwona alianza kwa kusema sijui, akauliza, akarudia mpaka akaelewa. Msione aibu kutojua. Aibu ni kujifanya, maana anayejifanya huumiza watu ambao hawakumkosea. Na mkija kuwa wakubwa mkatafuta mtu wa kazi, ulizeni vizuri, halafu nyamazeni msikilize jibu mpaka liishe."

Phanice alimgusa Lorna kwa kiwiko. "Haya. Leo tuanze na maneno matano ya Kigusii. Maji unayaitaje?"

"Sijui," Lorna alisema.

"*Amache*."

"Amache," Lorna alirudia, akakosea matamshi, na wote watatu wakacheka.